Mchanga wa Kanisa

Somo la juma: Zakaria 8:1-8

Lori la mchanga lilifika kanisani Jumatano ya mwisho ya Juni, saa kumi jioni. Tulikuwa tumechanga tangu mavuno, wengine fedha, wengine debe la mahindi, na tripu ile moja ya mchanga wa mtoni ilikuwa imebeba jasho la watu wengi. Dereva akainua bodi, mchanga ukamwagika chini ya mwembe, na vumbi halijatulia vizuri watoto walikwisha kuwa juu yake. Ndivyo Nsemulwa, hapa kwetu Mpanda, ilivyo. Lori likisimama, watoto wanachipuka kama uyoga baada ya mvua ya kwanza.

Niliwafukuza. Nalisema hili mapema kwa sababu tafakari ya juma hili haina mlango mwingine wa kuingilia. Nilitoka ofisini nimekunja uso, nikawaambia kwamba huu ni mchanga wa kanisa, si wa kuchezea. Kesho yake nikamtuma kijana akate matawi ya miiba, tukauzungushia kama zizi la ndama. Usiku ule nililala usingizi mzuri. Nilijiona nimelinda mali ya Mungu.

Jumapili nikasimama mimbarani kusoma Zakaria sura ya 8.

Zakaria alianza kutabiri mwaka wa pili wa mfalme Dario, yaani mwaka 520 kabla ya Kristo. Watu walikuwa wamerudi kutoka uhamishoni Babeli, wameukuta mji ni magofu, na Hekalu ndiyo kwanza linajengwa upya. Lilikamilika mwaka 515. Kwa hiyo nabii yule hakusema na watu waliokaa raha. Alisema na watu wa ujenzi, wenye vumbi la mawe kwenye nyusi, wanaohesabu boriti na kukumbushana michango. Katika sura ya 2 anamwona hata kijana mwenye kamba ya kupimia, anakwenda kuupima Yerusalemu upana wake na urefu wake, na kijana huyo anapelekewa habari kwamba mji utakaliwa bila kuta, maana Bwana mwenyewe atakuwa moto wa kuuzunguka.

Sasa katika sura ya 8 Mungu anasema anarudi kukaa kati yao. Watajuaje kwamba amerudi? Nabii angeweza kutaja nguzo, au dhahabu, au askari langoni. Badala yake anataja vikongwe, wanaume kwa wanawake, wameketi nje na mikongojo yao kwa kuwa wamejaliwa umri mrefu, na anataja barabara zilizojaa watoto walio mchezoni. Hasemi watoto waliotumwa maji, wala watoto waliokaa kimya wakifundishwa. Walio mchezoni.

Nilisoma mstari ule na sauti ikanipungua. Kupitia dirisha ambalo bado halijatiwa fremu, nilikuwa nikiiona miiba yangu.

Baada ya ibada mama mmoja mzee wa ushirika wetu alibaki nyuma. Yeye ni wa makazi ya Katumba, mmoja wa waliokuja kutoka Burundi mwaka 1972 wakikimbia mauaji, akiwa na umri wa miaka sita hivi. Wengi wetu tukisikia Katumba tunafikiri maharage na mihogo, tunasahau kwamba watu wale walipelekwa msituni wakaanza kwa kukata miti, na kwamba hati za uraia wengi wao walizishika mkononi kuanzia mwaka 2014, zaidi ya miaka arobaini baadaye.

"Baba Mchungaji," aliniambia, "umesoma vizuri. Lakini hukutuambia kwamba watoto wa wakimbizi hawachezi."

Akanieleza. Njiani walikatazwa kulia, wakakatazwa hata kukohoa, na mwisho wakazoea kunyamaza pasipo na hatari yoyote. Walipofika Katumba waliendelea kuketi karibu na mama zao, kimya, mpaka mavuno ya kwanza. Ndipo siku moja dada yake akaokota gunzi la hindi, akalifunga kitambaa, akalibeba mgongoni. Wengine wakamfuata. Wakachora nyumba chini kwa vidole, hiki chumba, huu mlango, huyu baba, huyu jirani, kisha wakaanza kugombana kwa sauti ya juu nani awe mama. Mama yao alikuwa akipalilia. Aliacha jembe, akaketi palepale kwenye matuta, akalia.

"Tulidhani tumemkosea," alisema. "Nilikuja kuelewa nilipozaa wangu."

Jumatatu asubuhi niliitoa ile miiba kwa mikono yangu mwenyewe. Watoto hawakuja siku ile wala siku iliyofuata, na nilistahili kungojeshwa. Jumatano alikuja mmoja, akasimama mbali akiniangalia. Nilimwambia apite. Kufikia saa kumi na moja walikuwa kumi na wawili. Nusu yao si wa kanisa letu. Wapo watoto wa Wakatoliki na wapo wanaotoka madrasa na juzuu zao mkononi. Lundo halikuwauliza.

Tangu hapo, jioni nyingi, naketi chini ya mwembe na daftari la mahubiri mapajani, na zaidi natazama. Nimeona treni. Ni makopo matano ya sardini yaliyofungwa kamba ya katani, na vizibo vya soda ndiyo magurudumu yake. Reli yake imechorwa kwa kisigino kuuzunguka mlima wa mchanga, na kituo cha mwisho ni Mpanda, kama ilivyo kweli, maana reli yetu inayochepuka kutoka Kaliua inaishia hapa. Wakubwa waliileta mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi. Mgodi ulikwisha kitambo, treni ikabaki kuwa ya watu, ya wanafunzi na wafanyabiashara na wagonjwa, na mtoto wa miaka saba anajua treni ni ya nani kuliko walioijenga. Kila abiria wa treni ya makopo ni jiwe, na kila jiwe lina tiketi ya jani. Niliwasikia wakijadiliana kama jiwe lisilo na tiketi lishushwe njiani. Mmoja akasema lishushwe. Mwingine akasema pale porini kuna simba, tena ni usiku. Walibishana kwa muda mrefu, mikono kiunoni, na mwishowe wakakubaliana lisafiri hadi Mpanda, likifika lifanye kazi ya kubeba mizigo. Nimekaa katika mabaraza ya wazee yaliyoshindwa kufika hapo.

Upande wa pili wa lundo wanajipikilisha. Ugali ni mchanga mbichi uliofinyangwa kwenye kopo na kupinduliwa kwa ustadi ili usimeguke, mboga ni majani ya mwembe yaliyokatwa kwa kipande cha bua. "Baba Mchungaji, karibu ugali," aliniambia binti mmoja, akapiga goti kama alivyomwona mama yake akifanya, akanipa kizibo kimejaa. Nilinawa kwa maji yasiyokuwapo. Nikala.

Ninalotaka hasa kulisema juma hili limo katika jambo moja nililoliona hapo, na naomba mlipokee taratibu.

Kuna mtoto wa kike wa miaka mitano, simtaji jina. Mwezi Mei tulimzika mama yake. Jioni moja nilimwona akichimba shimo kwenye ukingo wa lundo, urefu wake kama kiganja na kidole. Akalaza humo gunzi lililoviringishwa jani la mgomba. Akafukia, akaupigapiga mchanga kwa kiganja mpaka ukalainika, akachomeka vijiti viwili vilivyofungwa msalaba. Halafu akawapanga wenzake: ninyi lieni, ninyi pikeni, wewe uwe mchungaji. Mvulana aliyepewa kazi yangu alianza kusema maneno niliyoyasema mimi makaburini, na alipokosea, yule mtoto aliyefiwa alimsahihisha. Alikuwa ameyashika yote, kwa mpangilio wake. Na mimi siku ile ya maziko nilidhani amelala mgongoni kwa shangazi yake.

Akina mama wawili waliokuwa wakifagia kanisa walishtuka wakaacha mifagio. "Huo ni uchuro!" walisema, na mmoja alikwisha kuokota fimbo. Naielewa hofu yao. Katika nyumba iliyofiwa mtu haongezi neno la kifo juu ya kifo, na wazee wetu walikuwa na sababu za kutufundisha hivyo. Lakini niliwaomba wamwache. Nilikumbuka Luka sura ya 7, pale Bwana wetu anapowafananisha watu wa kizazi chake na watoto walioketi sokoni, wenye kulalamika kwamba wamepiga filimbi na wenzao hawakucheza, wameomboleza na wenzao hawakulia. Watoto wale walikuwa wakicheza harusi, kisha wakicheza msiba. Yesu hakusema ni uchuro. Tena mtu hawezi kuusimulia mchezo kwa namna ile, pamoja na malalamiko yake, kama hajapata kusimama akautazama. Mwana wa Mungu alikuwa na nafasi hiyo. Alisimama sokoni, akawaangalia watoto, akakumbuka walichosema.

Mtoto yule alilizika gunzi lile siku nne mfululizo, kila mara na mahubiri yake. Siku ya tano alilifukua. Akalipangusa mchanga, akalifunga mgongoni kwa kipande cha kanga, akaenda nalo kununua dagaa kwenye shina la mwembe ambako wenzake walikuwa wamepanga majani mafungu mafungu. Nilimsikia akiomba apunguziwe bei.

Sikuandika mahubiri jioni ile.

Sisi tuliokuwa na wajibu wa kumfariji tulikuwa tumempa biskuti, tukampa gauni, tukamwambia mama yuko mbinguni. Hakuna aliyefikiri kumpa mahali pa kuuweka msiba wake chini, auone, auzunguke, aushike kwa mikono midogo mpaka uweze kubebeka. Mungu alimpa mahali hapo kabla sisi hatujafikiri, nami nilikuwa nimepazungushia miiba.

Wazazi huniambia kwamba mtoto hana vya kuchezea kwa kuwa fedha hakuna. Mama, baba, gunzi lipo. Gari la plastiki la dukani litabaki kuwa gari, na gurudumu likichomoka safari imekwisha. Gunzi ni mtoto leo, kesho ni marehemu, keshokutwa ni mzigo kwenye treni. Bua ni ng'ombe, au dereva, au daraja. Simkatazi mwenye uwezo kununua mdoli sokoni, ila asidhani kwamba aliyekosa mdoli amekosa utoto. Kuhusu simu tunazowapa watoto ili watulie wakati wa ibada, nasema moja tu: zinawanyamazisha, na yule mama wa Katumba amekwisha kutueleza jinsi alivyoujua ukimya wa watoto.

Mzee wetu anayesimamia ujenzi alinijia na hoja ya haki kabisa. Mchanga unasambaa, alisema, na uliosambaa unachanganyika na udongo, haufai tena kwa plasta. Ni kweli. Fundi amekadiria toroli tatu zimepotea. Katika ujenzi wa watu wa hali ya chini toroli tatu si kitu kidogo, na mjane aliyeleta debe lake ana haki ya kuuliza zimekwenda wapi. Tuliketi naye, nikamweleza habari ya kanisa dogo la Parmenter Street huko Boston, Marekani. Mwaka 1885 chama kimoja cha afya kilimwaga lundo la mchanga katika ua wa kanisa lile, kwenye mtaa wa wahamiaji na watu maskini, ili watoto wapate pa kuchezea. Wazo lilitoka kwa daktari mmoja mwanamke, Marie Zakrzewska, aliyekuwa ameona malundo ya namna hiyo katika bustani za Berlin. Leo wanaoandika historia ya viwanja vya watoto nchini humo huanzia kwenye lundo lile. Ulikuwa mchanga wa kanisa, nikamwambia mzee, na haukupotea. Nikamwonyesha pia Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 8, panapotajwa yale ambayo mzazi au mlezi anapaswa kumpatia mtoto: chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, na humohumo haki ya kucheza na kupumzika. Imewekwa kwenye foleni moja na ugali. Mzee alisoma mara mbili, akavua miwani, akasema basi tutafute namna.

Namna ndiyo hii, na nawaomba msikilize kama wazazi, kwa kuwa si kila mchanga ni wa mtoto. Walio na shughuli za dhahabu, tafadhali, mchanga wa marudio uliokwisha kupitia zebaki usikae karibu na nyumba hata siku moja. Ni laini, mtoto anaupenda, na zebaki inaharibu ubongo unaokua. Wala usimbebe mtoto ukiwa na nguo ulizotoka nazo mwaloni. Mashimo ya kufyatulia tofali yafukiwe au yazungushiwe kabla ya Novemba, maana yakijaa maji ya mvua mtoto hajui kina. Hapo ndipo miiba inapotakiwa, na mimi niliiweka pasipotakiwa. Mchanga ulioachwa wazi usiku ni choo cha paka na mbwa, na minyoo ya safura hupenya kwenye ngozi ya mguu mtupu.

Kwa hiyo nyuma ya darasa la shule ya Jumapili tutatenga mraba wa hatua nne kwa nne. Kingo zake zitakuwa mabanzi, ambayo tumekwisha kuyapata bure kwenye mashine ya mbao, na fundi atayapiga randa yasichome. Chini tutaweka kokoto ili maji yasituame, juu mchanga uliochekechwa na kuanikwa. Usiku utafunikwa turubai. Kila Jumamosi vijana wataugeuza kwa reki na kuangalia kama kuna chupa au misumari. Kando patakuwa na ndoo ya maji na sabuni. Leteni magunzi, vibuyu vilivyopasuka, vijiko vya mbao, makopo ambayo kingo zake zimegongwa kwa nyundo. Vizibo tutawapa wakubwa tu, kwa sababu mtoto anayetambaa humeza.

Kilichokuwa kimebaki ni nani ataketi pale. Akina mama wana mashamba na genge, vijana wana bodaboda. Nilirudi kwa Zakaria, nikaona nilikuwa nimesoma nusu ya picha. Nabii aliwaweka pamoja vikongwe na watoto katika barabara zilezile. Mwenye mkongojo ameketi, mwenye miguu myepesi anakimbia mbele yake, na wote wawili ni dalili ya amani ile ile. Babu na bibi wa ushirika huu, mnaosema siku hizi hamna kazi ya kufanya kanisani, kiti kipo chini ya mwembe. Hamtakiwi kufundisha chochote. Ketini, tazameni, mkiitwa kula mle. Mama yetu wa Katumba amekwisha kuchukua Jumanne na Alhamisi, na tayari ameleta magunzi matatu aliyoyafunga vitambaa mwenyewe.

Juzi fundi alikuja kupima mchanga uliobaki, ajue kama utatosha plasta ya ukuta wa mashariki. Alilizunguka lundo na kamba yake, akiandika kwenye kipande cha boksi. Upande wa mwembe treni ilikuwa imesimama kituoni, abiria wote wamepangwa na tiketi zao, na dereva ameitwa na mama yake.

"Na huu wa huku, Baba Mchungaji," aliuliza, "niuhesabu?"

Nilimwambia huo asiuhesabu.